Zamiri ya Mnyonya Damu: Tumhukumu Edward kwa Meno ao kwa Mapendo?

Pengine mtashangaa kuona katika kurasa hizi habari za kitabu cha namna hii: hadisi ya mnyonya damu anayempenda msichana. Wengine watasema kwamba mambo hayo si kazi ya waseminari. Lakini vitabu tunavyotaka kuvisema vimegeuzwa kwa Kifaransa, vimetolewa vilevile kwa sinema, na vijana wa nchi nyingi wamevisoma usiku na mchana. Kijana akimwuliza katekista wake, "Huyu Edward ni mtu mwema ao ni mtu mbaya?", haifai kumjibu kwa kicheko. Kupima wema na ubaya wa matendo ya watu, hiyo ndiyo kazi tunayofundishwa katika teolojia ya maadili.

Basi tumpime. Nataka kuonyesha jambo moja tu. Wengi wanamhukumu Edward kwa meno yake, na hapo hana kosa kubwa. Wengine wanamsifu kwa mapendo yake, na hapo ndipo makosa yake yalipo.

I. Mnyonya damu wa zamani na wa leo

Katika vitabu vya Ulaya mnyonya damu hakuwa mtu wa kupendwa. Mwaka 1819 John Polidori, mganga Mwingereza, alitoa hadisi fupi ya mtukufu mmoja mwenye uso mzuri na moyo wa kuua. Mwaka 1897 Bram Stoker wa Irlandi alitoa "Dracula". Humo mnyonya damu ni adui tu; watu wanamfukuza kwa msalaba na hata kwa Ostia Takatifu, wala msomaji haingizwi katika mafikiri yake. Mwaka 1976 Anne Rice wa Marekani aligeuza mambo: katika kitabu chake mnyonya damu mwenyewe ndiye anayesimulia maisha yake, tena anahuzunika juu ya watu aliowaua. Mnyonya damu amepata zamiri. Na akiisha kupata zamiri, haikukawia apate na mchumba.

Kwetu neno hili lina uchungu mwingine. Wazee wa Katanga wanalijua jina la mutumbula, mkamata watu aliyeogopwa wakati wa ukoloni. Ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, hata Mapadri Weupe walisingiziwa kuwa watu wa namna hiyo. Luise White, mwalimu wa historia, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kwa hiyo msomaji wetu akichukizwa na jina la mnyonya damu, hana kosa. Lakini habari ile yatufundisha pia kwamba hofu yaweza kumhukumu mtu pasipo kumsikiliza. Tusifanye hivyo hapa.

II. Edward ni nani?

Edward Cullen ni mtu wa vitabu vinne vya Stephenie Meyer, mwandishi wa Marekani. Cha kwanza kilitoka mwaka 2005, cha mwisho mwaka 2008. Kwa Kifaransa vyaitwa "Fascination", "Tentation", "Hésitation" na "Révélation". Mwaka 2020 mwandishi aliongeza kitabu kingine, "Midnight Sun", ambamo Edward mwenyewe anasimulia mambo ya kitabu cha kwanza.

Katika hadisi hiyo Edward alizaliwa Chicago mwaka 1901. Mwaka 1918 homa kubwa iliyoitwa ya Hispania iliwaua wazazi wake, naye alikuwa karibu kufa. Mama yake, kabla ya kukata roho, alimsihi mganga wa hospitali, Carlisle, amwokoe mtoto wake kwa njia yoyote. Huyo Carlisle alikuwa mnyonya damu kwa siri. Alimwuma Edward, na Edward akabaki na mwili wa kijana wa miaka 17. Carlisle mwenyewe ni mwana wa mchungaji Mwanglikana wa London ya zamani. Alipopatwa na hali ile aliamua kutokunywa damu ya watu. Yeye na jamaa yake wanakunywa damu ya nyama wa pori tu.

Edward ana kipawa cha kusikia mafikiri ya watu walio karibu naye. Mtu mmoja tu hawezi kumsikia: Bella Swan, msichana wa miaka 17, binti ya mkubwa wa polisi wa mji mdogo wa Forks. Tena damu ya huyo Bella inamvuta kuliko damu yote aliyopata kusikia harufu yake. Msomaji ashike vema mambo hayo mawili: damu inayomwita, na moyo asioweza kuusikia. Hadisi nzima imesimama juu yake.

III. Kiu si zambi

Siku ya kwanza Bella anaketi karibu naye darasani. Harufu inamshika Edward kama moto. Kitabu cha mwaka 2020 chatuonyesha kwamba alihesabu namna ya kumwua yule msichana pamoja na wanafunzi wote wa darasa, wasibaki mashahidi. Lakini hakuua. Alikumbuka uso wa Carlisle, akazuia pumzi, na saa ya masomo ilipokwisha akatoka mbio.

Je, alitenda zambi? Mtakatifu Gregori Mkuu anapambanua hatua tatu: kuchochewa, kufurahia, na kukubali. Kuchochewa si zambi. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1546 kwamba tamaa inayobaki ndani ya wabatizwa imeachwa kwa ajili ya mapigano, wala haiwezi kumpotosha asiyeikubali. Kiu ya Edward ni ya namna hiyo: hakuichagua, na siku zote anapigana nayo. Kuhesabu namna ya kuua, hilo ni jambo zito zaidi, kwani hapo akili imekwisha kuanza kuitumikia tamaa. Muungamishi angemwuliza vizuri juu ya hatua hii. Hata hivyo nia yake haikufika mwisho wa njia. Ilirudi.

Edward mwenyewe hapambanui hivyo. Anajiona mlaaniwa, na anasadiki kwamba watu wa hali yake wamepoteza roho yao. Carlisle hakubali. Yeye anatumaini kwamba hata wao watahesabiwa juhudi yao mbele ya Mungu. Katika shauri hilo Carlisle ndiye mwanateolojia bora. Ninyi mtakaoketi katika kiti cha maungamo, mtakutana na wakina Edward wengi: vijana wanaojichukia kwa sababu ya kiu wasiyoichagua, wasiojua kwamba kusikia kiu si kunywa. Padri anayewaambia kwamba wamekwisha kupotea, huyo anawasukuma kunywa.

Hatusemi kwamba Edward ni mtakatifu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anapambanua kujizuia na fazila ya kiasi. Mwenye kujizuia anasikia tamaa kali, lakini nia yake inasimama imara. Mwenye kiasi, tamaa zake zenyewe zimekwisha kutii akili. Hali hii ya pili ni bora kuliko ile ya kwanza. Edward ni mwenye kujizuia. Mwisho wa kitabu cha kwanza mnyonya damu mwingine amemwuma Bella mkononi, sumu inaanza kuenea, na Edward lazima aivute kwa kinywa chake. Maana yake lazima aonje ile damu anayoitamani, kisha aache. Anaacha. Hapo namsifu pasipo kusitasita.

IV. Kuijua njia ya hatari

Mambo mawili ya maisha yake yafaa kuangaliwa kabla ya kufika kwenye kosa lenyewe.

La kwanza ni la zamani. Karibu miaka kumi baada ya kuumwa, alimwacha Carlisle, akaenda kuwinda watu. Kwa kuwa alisikia mafikiri yao, aliwachagua wauaji tu. Alijiambia kwamba akimwua mwovu ili amwokoe msichana anayefuatwa gizani, yeye si mbaya sana. Walimu wetu wamekataza siku zote mtu wa faragha asimwue mwovu kwa mamlaka yake mwenyewe. Na toka mwaka 2018 Katekismo yafundisha kwamba hata azabu ya kifo inayotolewa na serikali haikubaliki. Edward mwenyewe alichoka na njia ile, akarudi, na Carlisle akampokea kama baba wa mwana mpotevu. Lakini tukumbuke mzizi wa kosa lile: alidhani kwamba kuyajua yaliyo moyoni mwa mtu kunampa mamlaka juu ya mtu huyo.

La pili ni nafasi ya zambi. Baada ya siku ile ya darasani, Edward alikimbilia Alaska. Kukimbia kulikuwa vema: walimu wetu wote wanasema hivyo juu ya nafasi ya karibu. Kisha akarudi, akaketi tena karibu na Bella. Kwa sehemu alirudi kwa kiburi, kwa maana hakutaka kushindwa na msichana asiye na kitu. Baadaye alibaki kwa mapendo. Wasomaji wengi wanaona hapo alama ya moyo mkuu. Mimi naona neno lililosahauliwa: katika kucheza na nafasi hiyo, anayewekwa hatarini si Edward peke yake. Mlevi anayerudi kwenye kilabu anajihatarisha nafsi yake. Edward akishindwa, atakayekufa ni Bella.

V. Moyo asioweza kuusikia

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Edward amezoea kujua mafikiri ya watu pasipo kuwauliza. Mbele ya Bella amekuwa kama sisi wote: akitaka kujua, lazima aulize, angoje, asadiki jibu. Hiyo ndiyo shule ambayo angepaswa kusoma. Naye anafanya nini?

Anaingia usiku kwa dirisha, anamtazama Bella akilala, anasikiliza maneno anayoyasema usingizini. Amefanya hivyo usiku mwingi kabla ya Bella kujua. Nia yake si chafu, nakubali. Lakini anachukua kwa siri kitu ambacho hakupewa.

Katika kitabu cha pili ndugu yake mmoja nusura amrukie Bella kwa sababu ya tone la damu. Edward anakata shauri peke yake: ataondoka, ili Bella awe salama. Ili Bella asimfuate, anamdanganya, anamwambia kwamba hamtaki tena. Miezi inapita na msichana yuko kama maiti. Kisha Edward anapata habari ya uongo kwamba Bella amekufa. Naye anakwenda Volterra katika Italia kutafuta kifo chake. Uongo wa kwanza ulizaa karibu vifo viwili. Mtume Paulo alikwisha kukataa kutenda mabaya ili mema yapatikane. Hapa twaona sababu yake wazi: anayeanza kwa kudanganya kwa ajili ya wema hajui mwisho wa mambo aliyoyaanza.

Katika kitabu cha tatu Bella anataka kwenda kumtembelea Jacob, rafiki yake. Edward anaona hatari, basi anafungua motokari ya Bella na kutoa kipande cha mashini yake, isiweze kutembea. Tena anamlipa dada yake Alice kwa motokari ya samani kubwa, ili amweke Bella nyumbani siku ambazo yeye hayupo. Katika kitabu cha nne Bella, ambaye sasa ni bibi yake wa ndoa, ana mimba ya hatari. Edward anakusudia mtoto aondolewe, pasipo kungoja neno la mama. Hata anafikiri kumpa Bella mtoto kwa mtu mwingine, kusudi akubali kumwacha huyu. Bella anakataa, anaomba msaada kwa Rosalie.

Tuyaweke pamoja: dirisha, uongo, motokari, mimba. Katika mambo yote manne hakuna kiu ya damu hata kidogo. Katika mambo yote manne sababu ni moja, naye Edward angeitaja pasipo haya: nampenda, namlinda. Ameshinda tamaa ya kinywa. Tamaa ya kutawala hajaitambua hata kama ni tamaa, kwa sababu imevaa nguo ya mapendo. Ndiyo maana ni ya hatari zaidi. Mtu anayejua kwamba ana meno anafunga kinywa chake. Mtu anayedhani kwamba mikono yake ni ya mlinzi tu, haoni lini inaanza kukaba.

Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba zamiri ni pahali pa siri ndani ya mtu, patakatifu ambapo mtu yuko peke yake pamoja na Mungu. Moyo wa Bella uliofungwa mbele ya Edward ni mfano mzuri wa neno hilo. Mungu mwenyewe, anayejua yote, anabisha hodi. Edward, asiyejua, anapita kwa dirisha.

VI. Kosa la kitabu, na uzuri wake

Je, mwandishi anayaona hayo? Ananiachia shaka. Karibu hadisi yote inasimuliwa na Bella, naye anaona kwa macho ya mpenzi. Akimwona Edward chumbani, anafurahi. Akizuiwa njia, anakasirika kidogo, halafu anasamehe. Msichana wa miaka 15 anayesoma anaweza kushika fundisho hili: kijana anayekufuata kila pahali, anayekuzuia kuonana na rafiki zako, huyo ndiye anayekupenda kweli. Hilo ni fundisho baya. Wengi katika Kanisa walikisifu kitabu kwa sababu Edward anataka kungoja ndoa kabla ya kulala na mchumba wake. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini usafi wa mwili pasipo heshima kwa uhuru wa mwenzako ni nusu ya usafi.

Hata hivyo tusimwonee mwandishi. Katika kitabu cha tatu Edward anatubu kosa la motokari. Anakubali kwamba alikosea, anamwacha Bella aende kwa Jacob, na tena anampeleka mwenyewe mpaka mpakani. Katika kitabu cha nne nia yake juu ya mimba inageuka kwa sababu moja: siku moja anasikia mafikiri ya mtoto tumboni, anatambua kwamba mtoto anampenda mama yake. Aliyemwita adui amekuwa mtu mbele yake. Nayaona hayo kuwa matendo makubwa ya Edward, makubwa kuliko kunywa damu ya nyama miaka mingi.

Na ukurasa wa mwisho unajibu swali lote. Bella ameumwa na kuwa kama yeye, na amejifunza kwamba moyo wake una ngao inayomfunika. Jioni ile, kwa hiari yake, kwa taabu nyingi, anaisukuma ngao kando, na kwa mara ya kwanza Edward anasikia mafikiri yake. Kitu alichokitafuta kwa dirisha miaka ile, anapewa kwa mlango, toka ndani. Kama vitabu vyote vinne vingeandikwa kwa mwanga wa ukurasa huo, vingekuwa vitabu vikubwa.

VII. Na sisi?

Kwa makatekista wanaotayarisha ndoa: kijana wa kike akiwataja wakina Edward, msimcheke wala msikichome kitabu. Mwulizeni: Edward alimwuliza Bella wapi, na wapi hakumwuliza? Atajibu yeye mwenyewe, na jibu hilo litamfaa siku ya kuchagua bwana. Sheria ya Kanisa yasema kwamba ndoa inafanywa na kukubaliana kwa wawili, na hakuna uwezo wa binadamu unaoweza kushika nafasi ya kukubali huko. Wazazi hawawezi, padri hawezi, wala mchumba mwenye mapendo makali hawezi.

Kwa waseminari na mapadri nina neno lingine, nalo ni gumu zaidi. Sisi tumejifunza kuzuia kiu. Miaka mingi ya malezi yetu ni ya kazi hiyo, nayo ni kazi njema. Lakini ni mara ngapi, kwa ajili ya kuwalinda wakristu, tumewaamulia mambo yaliyokuwa yao? Tumeondoa kipande cha mashini, tukasema: ni kwa faida yako. Tumeficha habari fulani tukasema: ataumia. Wakristu nao, kwa kuwa wanatupenda, walikasirika kidogo, wakatusamehe. Kusamehewa hivyo hakuonyeshi kwamba tulikuwa na haki.

Basi kijana akiuliza kama Edward ni mwema ao mbaya, mimi ningemjibu hivi: ni mtu mwema katika jambo analoliogopa, na mzaifu katika jambo analojivunia. Kisha ningejitazama mwenyewe.